Kupiga makasia chuoni: niingie timu kuu, klabu, au nikae usukani? (ulinganisho)

Zuhura_W
Wadau habari zenu. Nimepata nafasi chuo kimoja Marekani, naanza muhula wa vuli, sasa wiki iliyopita nikapokea imeili ya timu ya wanawake ya kupiga makasia wanakaribisha wanafunzi wapya wa msimu, na wamesisitiza kabisa kwamba hata kama hujawahi kushika kasia maishani njoo tu utafundishwa. Nimevutiwa mno. Nikaanza kuchimba nikakuta chuo hichohicho kuna timu kuu iliyo chini ya NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani) na inachukua wanagenzi, halafu kuna klabu inayoendeshwa na wanafunzi wenyewe, na tena dada mmoja wa timu kuu kaniuliza urefu na uzito, nilipomjibu sm 161 na kilo 50 akasema hebu fikiria kuwa koksi, yaani yule anayeshika usukani. Sekondari nilikuwa nakimbia mita 1500 na 3000 kwa hiyo pumzi ninayo. Nasoma uhandisi. Mliopitia huko nilinganishieni, maana kikao cha kwanza ni siku ya tatu baada ya kufika na sitaki kwenda pale sijui hata niulize nini.

BiTezi
Hongera sana mdogo wangu. Mimi niliingia hivyohivyo, sikutafutwa na kocha wala sikuwa na skolashipu, nikapiga miaka minne timu kuu ya Divisheni ya Kwanza, yaani daraja la juu la NCAA.

Kwanza ujue kwa nini wanakutaka hata kama hujui kitu. Kuna sheria inaitwa Title IX ya mwaka 1972, inawataka vyuo wawape wanawake nafasi za michezo kwa uwiano wa haki, na timu ya futiboli ya Kimarekani peke yake inabeba wanaume mia na ushee, sasa vyuo vingi vikaanzisha timu kubwa za makasia za wanawake maana boti moja ya watu nane pamoja na koksi tayari ni watu tisa. Na kwa kuwa sekondari nyingi hazina huu mchezo, makocha wamezoea kufundisha mtu toka sifuri. Kwa hiyo ule mwaliko si maneno ya adabu tu, ni kweli wanakuhitaji. Ila uliza jambo moja: tangu 2025 vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya wa kuwalipa wanamichezo vina kikomo cha wanawake 68 kwenye timu ya makasia, kwa hiyo muulize kocha kabisa wanagenzi wangapi wanabaki baada ya mchujo na mchujo ni lini.

Saa. Hapa ndipo watu wanakatika. NCAA inaruhusu saa 20 kwa wiki msimu ukiwa umeanza, si zaidi ya 4 kwa siku na siku moja ya kupumzika, nje ya msimu ni 8. Lakini kusafiri hakuhesabiwi, kwenda kutibiwa goti hakuhesabiwi, na kuamka saa 10 na nusu usiku ili saa 11 na nusu alfajiri uwe majini hilo halimo kwenye hesabu yoyote. Uhandisi unawezekana, nilikuwa na wenzangu wawili wa uhandisi, lakini maabara za mchana zilikuwa zinawakuta wamechoka kweli.

Makaratasi anza SASA. Hata kama hujaahidiwa kitu, Divisheni ya Kwanza lazima upitishwe na kituo cha NCAA cha ustahiki, wanataka matokeo yako ya sekondari, na kwa mtu anayetoka nje ya Marekani inachukua muda. Pia utapimwa na daktari, ikiwemo kipimo cha kujua kama umerithi vinasaba vya selimundu. Wengi wetu hatujawahi kupima na tunaotoka Afrika hiyo kitu ni yetu. Kuwa navyo hakukuzuii kucheza, ila kocha anapaswa kujua ili usisukumwe vibaya siku ya mazoezi makali.

Jahazi_la_Vuli
Niongezee upande wa klabu maana mara nyingi unasahaulika. Nilikuwa klabu miaka mitatu. Huko unalipa ada yako mwenyewe, mnachangisha wenyewe, mnapakia boti kwenye trela wenyewe na kufungua skrubu za vyuma vya kushikia makasia usiku kwenye baridi, na kocha wakati mwingine ni mmoja kwa watu hamsini. Boti ni za zamani. Lakini ukiwa na mtihani unamwambia nahodha na unaeleweka, na mwaka wa kwanza unashindana, husubiri. Klabu zina mashindano yao ya taifa chini ya chama chao cha ACRA mwezi wa tano, na kuna timu za huko zenye kasi sana, usidhani ni mchezo wa kupitisha muda.

Kitu ninachokisema toka moyoni: klabu nilijifunza kuendesha timu, si kupiga makasia tu. Nilikuwa mweka hazina nina miaka 19 nasimamia pesa za watu.

Mlingoti188
Samahani naingilia uzi, mimi ni mwanaume, sm 188, nami nimepata chuo huko. Mbona kwetu hawajatuma mwaliko wa NCAA?

BiTezi
@Mlingoti188 kaka, NCAA ina ubingwa wa makasia wa wanawake tu, ulianza 1997. Wanaume hawako chini ya NCAA kwenye huu mchezo, wana ubingwa wao wa IRA, chama cha makasia cha vyuo, ambao unaendeshwa toka 1895. Na ujue makasia ndiyo mchezo wa kwanza kabisa vyuo vya Marekani kushindana, Harvard na Yale mwaka 1852. Timu kuu za wanaume ni chache, vyuo vingi utakuta klabu tu. Kwa urefu wako nenda kagonge mlango, watakufurahia.

Sauti_ya_Tisa
Nimekaa usukani miaka minne, miwili wanawake miwili wanaume, na naomba niandike kwa urefu kwa sababu kila mahali koksi anaelezewa kama nafasi ya mtu mdogo basi. Hapana.

Boti ya nane ina urefu wa mita 17 hadi 18 hivi. Wapigaji wote nane wamekaa wakiangalia nyuma, hakuna hata mmoja anayeona mnakokwenda. Wewe peke yako ndiyo macho. Usukani wenyewe ni kibapa kidogo chini ya boti, hakizidi kiganja, ukikivuta boti haigeuki hapohapo, inachelewa, halafu kila ukikivuta unaipunguza mwendo. Kwa hiyo unajifunza kugeuza kabla ya kona. Vuli kuna mbio za masafa, maarufu kuliko zote ni Head of the Charles pale Boston mwezi wa kumi, zilianza 1965, karibu kilomita 4.8, boti zinaachiliwa moja moja kwa kupishana sekunde chache na mnapambana na saa. Mto una kona na madaraja. Daraja la Weeks ukichelewa kugeuza unaingia ukutani au kwenye makasia ya jirani, na ukiwahi kupita kiasi unakata kona vibaya unaadhibiwa. Pale ndipo watu nane wanajua kama wanakuamini.

Halafu sauti. Si kupiga kelele. Ni kuwaambia kitu cha kweli: tuko wapi, nani yuko mbele, zimebaki mita ngapi, upande gani unachelewa kutia kasia majini. Ukiwadanganya kwamba mnawapita wenzenu wakati hampiti, watakuja kujua na hawatakuitikia tena. Mbio za majira ya kuchipua ni mita 2000, timu bora za dunia za wanaume zinamaliza chini kidogo ya dakika 5 na nusu, na muda wote huo kila neno lako linamtoa mtu nguvu au linampa.

Uzito: @Zuhura_W tafadhali usijinyime chakula. Shirikisho la dunia limeweka koksi asipungue kilo 55, aliyepungua anabebeshwa uzito wa kujaliza kwenye boti. Vyuo vya Marekani vina viwango vyao, muulize kocha, lakini wewe wa kilo 50 huna unachotafuta kwenye kupungua. Na tangu 2017 shirikisho hilo linaruhusu koksi awe wa jinsia yoyote, na hata chuoni mimi dada nilipata kuongoza boti la wanaume.

Sasa ubaya wake. Koksi mgeni hafundishwi vya kutosha. Kocha yuko kwenye boti ya injini anaongea na wapigaji wanane, wewe unaachiwa chombo cha bei kubwa na maisha ya watu na hujui hata boti zinapita upande gani wa mto. Kwa kocha wangu wa kwanza nilipitisha wiki mbili bila kuelekezwa chochote zaidi ya "nyoosha". Baridi pia inakupata kuliko wote kwa sababu wenzako wanatoa jasho wewe umekaa.

Ushauri: wiki tatu za mwanzo omba upige kasia kama wengine. Koksi ambaye hajawahi kuhisi kasia likinaswa na maji na mpini ukamrudia kifuani hawezi kujua anawaomba watu nini.

Mzee_wa_Mashine
Nakubaliana na dada hapo juu ila kuhusu Zuhura kupiga kasia timu kuu naomba tuwe wakweli. Wapigaji wengi wa boti za juu ni dada wa sm 175 na kwenda mbele. Urefu unakupa mvuto mrefu wa kasia. Kuna daraja la wepesi, wanawake chini ya kilo 59, lakini ni vyuo vichache vinalo na Olimpiki imelitoa, Paris 2024 ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Kingine, mashine ya mazoezi. Wageni wanafika wanaweka ile leva ya hewa kwenye 10 wakidhani ndiyo uanaume. Weka 3 hadi 5. Miguu kwanza, mgongo, mikono mwisho, ukirudi ni mikono, mgongo, miguu. Ukiona 2:00 kwa mita 500 ukaishika mpaka mwisho, mita 2000 ni dakika 8 kamili. Mkimbiaji atashangaa, mapafu yapo ila mapaja hayapo.

Jahazi_la_Vuli
@Mzee_wa_Mashine kaka umemkatisha tamaa mapema. Mashine haielei. Nimeona watu wa namba nzuri za mashine wanaizamisha boti upande mmoja, na nimeona dada wa sm 165 boti inatembea akiwemo. Klabu angepata kiti.

Mzee_wa_Mashine
Klabu sawa, hilo sikatai. Nimesema timu kuu.

BiTezi
Tuache urefu, kuhusu kuanza ukubwani mkumbukeni Anita DeFrantz. Alianza kupiga makasia akiwa tayari chuoni Connecticut College mwaka 1971, hakuwa amewahi kabla ya hapo, na 1976 Montreal, Olimpiki ya kwanza kuwa na makasia ya wanawake, akapata shaba kwenye boti la nane la Marekani. Dada mweusi aliyeanzia chuoni. Sisemi kwamba kila mtu atafika huko, nasema kuanza chuoni si kuchelewa.

Zuhura_W
Asanteni sana wote, nimesoma kila mstari mara mbili. Swali ambalo nimeona aibu kuuliza: kuogelea. Najua kidogo tu, kina kirefu naogopa.

Sauti_ya_Tisa
Usione aibu, ni swali la kwanza kabisa linalopaswa kuulizwa. Timu nyingi zina jaribio la maji kabla hujapanda boti, kuelea dakika kadhaa na kuogelea umbali fulani. Kwenye boti za mashindano wapigaji kwa kawaida hawavai majaketi ya kuelea, yako kwenye boti ya kocha. Boti ikipinduka HUIACHI, unaishika, inaelea na makasia yanaelea. Jifunze kuelea chali kabla ya kusafiri. Na ukiambiwa jaribio hilo halipo, mimi nisingepanda.

Zuhura_W
Basi nimeanza darasa la kuogelea Jumamosi hii. Kikao nitaenda cha timu kuu, nitamwambia kocha nataka kujaribu usukani ila anipe wiki tatu za kasia kwanza, na nitamuuliza nani anafundisha makoksi. Akinijibu hakuna mtu, naenda klabu. Makaratasi ya NCAA nimeyafungua leo usiku.

BiTezi
Hilo swali la nani anafundisha makoksi litamwonyesha kuwa umejiandaa. Nenda na kaptula ya kubana, shati pana linanaswa kwenye kiti kinachoteleza. Kata kucha. Usivae glavu, malengelenge yatakuja wiki ya kwanza, usiyapasue, yakipasuka yenyewe osha kwa sabuni yaache yakauke. Na soksi za ziada kwenye begi, gatini maji yanafika kwenye vifundo.