Feisilifti ya pikapu: wenye gari mngetaka nini kibadilike chini ya bodi?

NjiaPanda_Himo

Wakuu, salama?

Pikapu karibu zote huguswa sura katikati ya umri wake, ndiyo hiyo feisilifti. Hilux ya kizazi cha nane ilitoka 2015, ikaguswa 2020. D-Max iliyopo ilizinduliwa 2019, ikaguswa mwishoni mwa 2023. Land Cruiser 79 nayo ikabadilishiwa pua na taa 2023. Na kila mara tangazo linaanza na grili, linamalizia na skrini. Anayeteremsha ndizi Rombo au anayefuata vitunguu Mang'ola, grili inamsaidia nini?

Tuseme mhandisi wa kiwanda yuko mbele yenu, mngemdai nini? Nataka majibu ya kifundi: kitu gani kinakufa, kinakufa kwa nini, dawa yake ipi. Na kwa mwenye gari la toleo lililopo, lipi linawezekana gereji bila kusubiri kiwanda? Kazi yenyewe ni dabo kebini ya dizeli, njia ya Moshi hadi Mang'ola mara mbili kwa wiki, mzigo na watu humo humo.

---

FundiUngaLimited

Mkuu, kwanza tujue feisilifti inaweza kugusa nini, tusije tukaomba mvua kiangazi. Chesisi, urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, milango na paa havibadiliki, hivyo vinasubiri kizazi kipya. Vinavyobadilika ni springi, shokapu, turbo, programu ya injini na giaboksi, breki, usukani, taa, bampa na vya ndani. Kwa hiyo anayedai bodi refu zaidi anapoteza pumzi. Anayedai springi ana haki, na hapo ndipo pa kukaza.

Piga hesabu ya mzigo. Dabo kebini ya fowili hubeba takriban tani moja, na hiyo tani inahesabu watu pia, kitu ambacho wengi hawakijui. Toa watu 5 wa kilo 70, zimekwenda 350. Toa ngao ya chuma na winchi, kama 90. Kanopi ya chuma 80. Tairi la pili la akiba na rimu yake 35. Zimebaki kilo 445. Hayo ni magunia manne ya kilo mia, na yakiwa lumbesa ni matatu tu. Gari unalolikuta limeegeshwa Karatu lina kumi, na juu ya kanopi kuna mtu.

Lakini kilo zenyewe si tatizo peke yake, angalia zinakaa wapi. Kwenye singo kebini sehemu kubwa ya bodi iko mbele ya ekseli ya nyuma. Kwenye dabo kebini viti vya nyuma vimelisukuma bodi, kwa hiyo katikati ya mzigo panaangukia nyuma ya ekseli. Kila gunia linalokaa mkiani linainua pua na kukunja chesisi kama fimbo inayovunjwa juu ya goti. Ufa huanzia nyuma ya kabini. Dalili unaiona kabla ya ufa: gari likiwa tupu, mahali tambarare, pima upenyo kati ya kabini na bodi, juu na chini, pande zote mbili. Juu pakiwa pamepanuka kuliko chini, mkia umeanza kulala. Usipokee jibu la "ndivyo lilivyotoka kiwandani" mpaka ulinganishe na gari jingine la toleo hilo hilo.

Sasa watu wanakimbilia kuongeza jani la springi au kuweka mipira ya hewa. Jani la ziada linanyanyua mkia, ila halikuongezei uwezo wa ekseli, beringi, breki wala chesisi. Mipira ya hewa ndiyo hatari zaidi kwa mzigo wa mkiani. Springi ya majani hugawa uzito kwenye ncha zake mbili, ya mbele na ya nyuma, wakati mpira unausukuma wote sehemu moja ya chesisi juu ya ekseli. Magari mengi yanayoletwa yamepinda yana mipira hiyo.

Kwa hiyo ningemdai mhandisi springi za aina mbili kwenye kila daraja la gari, laini kwa anayebeba familia na nzito kwa anayebeba mzigo, na shokapu zinazolingana na kila moja. Kiwanda kikibanwa kinasikia. Navara ya dabo kebini, ile D23, ilikuja na springi za koili nyuma, watu wakalalamika kwamba inakaa chini ikibeba. Matoleo yaliyofuata yakapewa koili zenye ugumu wa hatua mbili, laini ikiwa tupu na ngumu ikibeba. Hayo yote ndani ya kizazi kile kile.

Kwa lililopo: magunia mazito yaegemee ukuta wa kabini, mepesi yabaki nyuma. Ukibadilisha springi, yubolti (bolti za umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli) ziwe mpya, za zamani zimeshavutika. Kaza kwa msalaba, gari likiwa limesimama kwa matairi yake na si kwenye jeki, kisha rudia baada ya kilomita 500. Fundi asiyekwambia urudi, usimrudie. Yubolti zikilegea, kazi yote inabaki kwa senta bolti, ile inayopita katikati ya majani, ambayo haikutengenezwa kubeba hivyo. Inakatika, ekseli inahama, gari linaanza kutembea upande kama mbwa.

---

VumbiLaNatron

Fundi amemaliza ya mzigo, mimi nidai ya vumbi. Udongo wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero ni majivu ya volkano, laini kama unga wa muhogo. Unapita mahali ambapo mchanga haupiti.

Injini za dizeli za siku hizi zina sensa ya hewa mara tu baada ya eya klina. Vumbi likivuka filta linaganda kwenye kiini cha sensa, sensa inasoma hewa pungufu, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inapunguza mafuta, gari linakosa nguvu kwenye mlima wa Rhotia na taa ya injini inawaka. Mwenye gari anaambiwa nozeli zimekufa, kumbe shida ni ya filta.

Fungua eya klina, toa filta, pitisha kidole ndani ya bomba upande wa pili, ule unaoelekea turbo. Kidole kikitoka na unga, filta inavuja. Mara nyingi karatasi ni nzima, ila mpira wa pembeni haukukaa vizuri au filta ni ya bandia yenye mpira mgumu. Pia usiipulize kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani, na upepo mkali unatoboa karatasi matundu usiyoyaona. Ukipita njia ya vumbi kila wiki, filta ikichafuka weka mpya, si kupuliza. Sensa inasafishwa kwa dawa yake ya kunyunyiza, bila kitambaa wala brashi, ikauke yenyewe ndipo uirudishe. Ukiwa na snokeli, lile bomba la kuvutia hewa kutoka juu, kagua kila kiungo. Zilizofungwa haraka haraka hupitisha vumbi chini ya bonti huku bomba la juu likiwa pambo.

Ninachodai: boksi kubwa zaidi la eya klina, lenye chombo cha kutenga vumbi kabla halijafika kwenye filta, kama matrekta yalivyokuwa nacho miaka yote. Nafasi chini ya bonti ipo.

Na mlango wa nyuma wa bodi uwe na mpira kutoka kiwandani! Chini na pembeni uko wazi, na ukiweka kanopi gari linanyonya vumbi lake lenyewe. Gereji ni kazi ya nusu saa: mpira wa mlango kama mita 2.5, gundi, funga upande wa chini na pembe zote mbili. Kisha fungua kidirisha cha mbele cha kanopi kidogo ili hewa iingie na kusukuma vumbi nje.

---

Shamba_Machame

Mimi fupi. Breki za diski nyuma. Hilux nyingi bado zina ngoma, diski za nyuma zilikuja baadaye kwa zile za bei ya juu kama GR Sport. Ngoma ikiingia tope la Kibosho inakuwa msasa.

Pili, mifuko ya hewa na udhibiti wa kuteleza kwa kila daraja, si kwa mwenye hela tu. Nissan NP300 Hardbody ilipimwa na Global NCAP, shirika la kupima usalama wa magari, mwaka 2018 ikapata nyota sifuri, na ilikuwa ikiuzwa mpya kabisa Afrika. Chesisi ngumu haimlindi aliyekaa ndani.

Tatu, taa. Za LED zinaangaza kweli, lakini jiwe likivunja moja unanunua taa nzima. Balbu ya H4 unaipata hata duka la Mto wa Mbu. Waache mteja achague.

---

Kisongo1HZ

Mnachosha. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina hizo sensa wala kontroli boksi ya kugombana nayo. Pampu ya kawaida, silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Ndiyo maana magari mengi ya safari Arusha yamejengwa juu yake. Feisilifti bora ni kuiacha kama ilivyo.

---

FundiUngaLimited

@Kisongo1HZ heshima yako mzee, ila mwinuko wa mahali una kodi yake. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kama mita 2,300, kwa hiyo ile kilowati 96 ya 1HZ ikifika pale imepungua zaidi ya moja ya tano, na gari la safari lenye paa la kufunguka na wageni saba. Lita 2.8 yenye turbo, ile ya Hilux iliyowekwa kwenye 79 pamoja na giaboksi ya otomatiki, inatoa kilowati 150 na Nm 500, na mlimani inashikilia sehemu kubwa ya nguvu hizo.

Bei yake ni usafi wa dizeli, hapo tunakubaliana. Mfumo wa mafuta wa hizi unasukuma kwa bari zaidi ya 2,000, tone la maji linatosha kuharibu nozeli. Ningetaka filta ya pili ya mikroni 30 iwekwe kabla ya ile ya kiwandani, yenye bakuli la kuona maji. Inauzwa madukani, na inafungwa kwenye bomba linalotoka tangini. Ukiona taa ya maji kwenye dashibodi usimalize safari kwanza. Simama, weka chombo chini, legeza skrubu ya chini ya filta, sukuma pampu ya mkono mpaka itoke dizeli tupu, kaza.

Na mnaoagiza iliyotumika nje, ulizeni kama ina DPF, kichujio cha masizi kwenye eksozi. Kinajisafisha kwa joto kali, na joto hilo linahitaji mwendo mrefu usiokatika. Gari la kuzunguka Kijenge na Sakina halifiki huko, linaziba. Australia wenye Hilux walishtaki kiwanda kwa ajili ya hicho, na Toyota iliongeza swichi ya kukisafisha kwa mkono mwaka 2018. Ukipata yenye swichi ni afadhali.

---

NjiaPanda_Himo

Nimeshika, asanteni sana. Mawili yamebaki. Niliyoiona ina kamera juu ya kioo cha mbele na rada kwenye grili, je ngao ya chuma inaruhusiwa? Na imekuja na rimu za 18, naweza kushuka 17?

---

VumbiLaNatron

Ngao iwe imetengenezwa kwa toleo hilo hilo, si la kabla ya feisilifti. Bampa hubadilika, na chuma kikipita mbele ya rada, breki ya dharura inayotegemea rada hiyo inajizima au inashika bila sababu. Kamera ya kioo inaleta gharama nyingine: jiwe la lori likipasua kioo, kipya kinahitaji kamera ipimwe upya kwa mashine. Uliza kabla ya kununua nani Arusha anayo. D-Max ina kamera mbili pale, usikubali kioo cha kukisia.

---

FundiUngaLimited

Rimu, shuka bila wasiwasi. 265/60R18 ina kimo cha milimita 775, 265/65R17 ina 776, kwa hiyo spidomita haidanganyi. Unachopata ni ukuta wa tairi kutoka milimita 159 hadi 172, na ndio unaokunywa mawe ya Mang'ola kabla hayajafika kwenye rimu. Kama ni Hilux au D-Max, nunua za matundu 6 yenye duara la milimita 139.7, na ujongeo (offset) sawa na wa kiwandani. Kabla hujalipa, vua gurudumu la mbele, vaa rimu tupu ya 17, kaza nati mbili, zungusha kwa mkono na usukani umekatwa hadi mwisho pande zote mbili. Kalipa ya breki ikiacha upenyo wa kupitisha kidole kidogo, chukua. Ikikwaruza, hata kidogo, rudisha dukani.