Raba za vioo vya Corolla 110, nitapata wapi kwa bei ya mlalahoi?

Kijana wa Mbagala
Wakuu, poleni na masika. Nina Corolla 110 ya 1998, injini haina neno, ila ile mikanda ya raba ya nje inayopangusa kioo kikishushwa imekwisha. Ya upande wa dereva imepasuka na kujikunja hadi bati la ndani linaonekana. Gari linalala nje, na jua la Dar mnalijua. Mvua ikinikuta Rangi Tatu, nafika Posta zulia limelowa chapachapa. Kariakoo nimetajiwa laki mbili na themanini, mpya, milango minne. Nikashukuru, nikaondoka. Kuna pa nafuu? Na raba za kukatiwa kwa mita vipi?

Fundi Bodi
Mdogo wangu, usitoe hela kwanza. Mkanda hata uwe mpya hauzuii maji yote. Mengine hushukia ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Kinachokukinga wewe ni nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava la mlango. Umewahi kufungiwa spika?

Kijana wa Mbagala
Ndiyo, mwaka jana, milango ya mbele yote.

Fundi Bodi
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Watu wa redio huichana nailoni wapate pa kupitishia waya, wakimaliza wanafunga kava. Fungua, bandika nailoni nzito kuzunguka mlango mzima, ukingo wa chini wa nailoni uingie ndani ya mlango, usije kwako. Halafu chokonoa vile vitundu kwa waya. Vikiziba tope maji yanatuama, mlango unaoza kuanzia chini.
Raba za mita weka kwenye fremu ya mlango, si kwenye kioo. Zikiwa nene kioo kinapanda kwa kujivuta na mota inalemewa.

Mama Vitz
Fundi kasema kweli, lakini mkanda uliopasuka nao ubadilishwe, usije ukachora kioo. Kaka, nenda Ilala, Shaurimoyo, kwenye spea za mtumba. Nenda na wako mkononi: wa mbele na wa nyuma haifanani, kulia na kushoto vilevile. Upinde kidogo, ukionyesha nyufa, mrudishie. Geuza uone manyoya ya upande wa kioo kama bado yapo. Na kama mkanda bado uko kwenye mlango wa mtumba, simama hapohapo unapong'olewa. Vijana wana haraka, wanautia bisibisi katikati, na bati likishakunjika halinyooki tena. Mimi za mbele mbili walianza elfu sitini, tukaelewana thelathini.
Ukiulizia mpya, namba za Toyota za milango ya mbele huanza na 75710 kulia, 75720 kushoto.

Fundi Bodi
Na ukishafunga usipake oili wala grisi, raba inavimba. Silikoni ya kupuliza inatosha.

Kijana wa Mbagala
Shukrani wakuu. Jumamosi nafungua kava. Mama Vitz, hao wa Shaurimoyo Jumapili wapo?