Naomba ushauri: Baba anataka "redio ya fidla", haoni, na feni haizimwi

BintKibokoni
Assalaam alaikum wanabaraza.

Baba yangu ana miaka 78, tunakaa naye Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Ujanani alikuwa akipiga fidla kwenye taarab za harusi. Mkono ulipoanza kutetemeka aliigawa fidla kwa mtoto wa jirani, basi. Presha ya macho nayo imemmaliza, sasa anaona mwanga na vivuli tu. Siku nzima yuko na redio yake ndogo na kadi ya taarab za zamani, ambazo keshazihifadhi mpaka pale mpigaji anapokohoa.

Mwezi uliopita mjukuu wake alimwekea kwenye simu kipande cha fidla cha Mendelssohn, mtunzi wa Kizungu wa zamani. Baba alinyamaza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mkono wake mwepesi huyu, lakini sauti zake kavu, hana robo hata moja." Nikadhani hakupenda. Alfajiri yake, hata chai bado: "Yule asiye na robo yuko wapi?"

Tangu hapo kila siku ni hiyo. Nasikia ziko redio za kwenye intaneti zinazopiga muziki huo wa klasiki wa Kizungu usiku na mchana. Shida zangu ni hizi. Simu ya kugusa haiwezi. Adhana ikilia lazima anyamazishe mwenyewe, na msikiti uko mlango wa tatu. Waifai tunayo, lakini ruta iko chini na chumba chake kiko juu, na kuta hizi za mawe na chokaa mnazijua. Tukienda kwa shangazi Mtwapa tutategemea bando. Mfuko si mkubwa. Nianzie wapi?

Kaka_Tudor
Waalaikum salaam. Nunua redio ya intaneti yenyewe, ile yenye vitufe vya kuhifadhi stesheni. Kitufe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwisha.

KahawaChungu
Muziki huo si ndio ule wanaotuwekea tukipiga simu benki tukaambiwa tusubiri? 😂 Mzee ana subira.

FundiMajengo
Kaka Tudor, mpya sawa, ila mitumba aogope. Nyingi katika redio hizo haziendi kwa stesheni moja kwa moja, huuliza kwanza orodha ya stesheni kwenye seva ya kampuni nyingine. Seva ikifungwa, redio inabaki pambo. Iliyokuwa ikiitwa Reciva ilifungwa 2021, na redio nzima nzima, spika safi, zikawa bubu siku moja. Nimeletewa mbili hapa kibandani. Mwenyewe alidhani ni waya.

Dada, je, una simu kuukuu ya Android iliyopasuka kioo? Hiyo ndiyo redio yako. Weka programu ya VLC, ni ya bure na haina matangazo. Anwani za stesheni unaziandika kwenye faili la maandishi la kawaida, kila anwani mstari wake, jina la faili liishie na .m3u. Ukilifungua kwenye VLC, stesheni zinakaa kama nyimbo kwenye foleni, kwa hiyo "wimbo unaofuata" maana yake ni "stesheni inayofuata". Halafu unaiunganisha simu na spika ya blututhi yenye vitufe vya kubonyeza, si vya kugusa. Cha kati ananyamazisha adhana ikilia. Cha kujumlisha akikishikilia, anahama stesheni. Simu yenyewe iweke juu ya kabati, asiishike kabisa.

Watu watakwambia waya unatoa sauti safi kuliko blututhi, na ni kweli. Lakini kwako kitufe kina thamani kuliko usafi.

Mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza, kwenye simu zima ile kazi ya kuokoa betri kwa upande wa VLC, la sivyo simu italala na redio ikate kila baada ya muda. La pili ni kubwa zaidi: simu kuukuu iliyochomekwa kwenye chaja mwaka mzima, tena kwenye joto letu, betri yake huvimba. Ichaji usiku kidogo, ichomoe. Ukiona mgongo wa simu umeanza kufura, toa nje siku hiyo hiyo.

BintKibokoni
Fundi, Mungu akuweke. Simu ipo, na kioo kimepasuka kama ulivyosema. Je, bando litakuwa kiasi gani?

FundiMajengo
Hesabu yake rahisi. Stesheni nyingi za muziki huu hutiririsha kilobiti 128 kwa sekunde. Gawa kwa 8 upate kilobaiti 16 kwa sekunde, ambayo kwa saa ni karibu megabaiti 58. Mzee akisikiliza saa 6 kwa siku, mwezi ni kama gigabaiti 10. Kwa waifai ya nyumbani si kitu, kwa bando la simu utalia. Kwa Mtwapa tafuta stesheni yenye mkondo mdogo wa AAC (namna ya kubana sauti, kama MP3), hata wa kilobiti 64, utakula nusu ya hapo. AAC ikiwa ndogo haichakai kama MP3 ya kipimo hicho hicho. Zile za 320 zinazojisifu waachie wenye spika za kuzidi kodi ya nyumba.

Waifai haipenyi ukuta wa mawe wa futi mbili, hupanda kwa ngazi kama paka. Usihangaike na kilele cha nyumba. Ihamishie ruta penye ngazi, na mlango wa chumba cha mzee uelekee huko. Isipotosha, vuta waya mpaka juu na ufunge ruta ya pili. Kwenye VLC, mahali pa "network caching", weka milisekunde 10,000. Sauti itachelewa kuanza kidogo, lakini intaneti ikipepesuka sekunde chache hatajua.

MamaNyali
Mimi nasikiliza muziki huu tangu nilipokuwa nikifanya kazi hotelini miaka hiyo. Kwa mzee asiyetaka porojo, aanze na Radio Swiss Classic. Ni ya utangazaji wa umma wa Uswisi, haina matangazo ya biashara, na mtangazaji hutaja jina la kipande na kunyamaza. Ina mikondo mitatu, Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano, kwa hiyo msishangae. Ya pili, France Musique wana mkondo wa pembeni wa muziki wa Baroque peke yake. Humo fidla ni nyingi, ni enzi za Vivaldi na Bach, watunzi wa Ulaya wa miaka kama mia tatu nyuma. Ya tatu WQXR ya New York, hiyo huzungumza kidogo na huendeshwa kwa michango ya wasikilizaji, kwa hiyo kuna majuma watakuomba pesa mpaka uchoke.

Usimwekee stesheni ishirini. Tatu zinatosha, azijue kwa mpangilio kama vyumba vya nyumba yake.

Nahodha_Likoni
Nyongeza ya saa, maana hapa ndipo wengi wetu hupotea. Opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya Metropolitan ya New York hutangazwa redioni Jumamosi mchana wao, tangu 1931, na WQXR huipokea. Msimu huwa unaanza kama Desemba. Kwa kawaida ni 1:00 mchana kule, na majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo kwetu ni saa tatu usiku. Machi wakishasogeza saa zao, inakuwa saa mbili. Tamasha la Mwaka Mpya la Vienna, tarehe 1 Januari, huanza 11:15 asubuhi kwao, kwetu saa saba na robo mchana, mkishakula. Mwishoni hadhira hupiga makofi kufuata ngoma. Mzee wa taarab atawaelewa.

Kaka_Tudor
Opera si ile ya kupiga mayowe? Mzee ataamsha mtaa.

MpigaUdi
Nimependa maneno ya mzee. "Hana robo" ni kauli ya fundi. Wazungu hugawa sauti kwa nusu, basi. Sisi na Waarabu tunapita katikati ya hizo nusu, ndiyo robo yenyewe ya maqam (ngazi za sauti za Kiarabu) ya Rast au Bayati. Hata kukaza nyuzi ni tofauti: wao sol, re, la, mi, na mafundi wengi wa fidla ya Misri sol, re, sol, re. Kwa hiyo anasikiliza chombo chake mwenyewe kikisema lugha nyingine. Muulize alikuwa akikaza vipi, utapata hadithi ya jioni nzima.

Sasa feni. Hakuna aliyeigusa na kwangu ndiyo shida kubwa kuliko ruta. Muziki huu hauna kimo kimoja kama wa matatu. Hushuka mpaka fidla moja inanong'ona, na feni ya dari inaimeza yote. Mtu anaongeza sauti ili asikie mnong'ono, dakika mbili baadaye tarumbeta zinaingia na paka anaruka dirishani. Si spika mbovu, ndivyo ulivyoandikwa. Kwa hiyo usitafute spika kubwa, isogeze. Iweke kichwani pa kitanda, hatua moja kutoka sikioni, na feni ndogo ya kusimama iwe miguuni badala ya ile ya dari. Spika ikikaa karibu haihitaji nguvu.

KahawaChungu
Au azime feni kabisa, hivi si kaskazi inavuma sasa?

MpigaUdi
Chumba cha Kibokoni, dirisha moja? Mwambie wewe.

BintKibokoni
Narudi na habari, wiki tatu sasa.

Spika nimeipata ya mitumba kwa 1,800, ina vitufe vya mpira. Kwenye kitufe cha kati nimedondosha tone la gundi likaganda, akipapasa anakijua. Adhana ya adhuhuri ya siku ya kwanza alinyamazisha kabla muadhini hajafika neno la pili, na alitabasamu kama mtoto. Ruta ipo penye ngazi. Kaka Fundi, waya wa pili haukuhitajika.

Nahodha, Jumamosi ya kwanza niliona kwenye tovuti yao 1:00, nikamwandaa mzee saa moja usiku na kanzu safi. Tulikaa masaa mawili tukisikiliza piano. Opera ilipoanza keshalala. Ni kosa langu, maana ulikuwa umeshaandika.

Baroque ndiyo chumba chake. Ya Uswisi anasema piano zimezidi, huiruka. Bi mtangazaji wa Kijerumani akisema kitu, baba humjibu, "Ahsante mama." Nimemuuliza habari ya kukaza nyuzi: sol, re, sol, re, kama ulivyosema, na hadithi ilikwisha saa sita.

Feni ya miguuni nilinunua, lakini fidla ikianza kushuka yeye mwenyewe huagiza izimwe. Mama kahamia roshani na mkeka wake. Anasema akitaka kufa kwa joto kuna njia rahisi zaidi.

FundiMajengo
Alhamdulillah. Betri ya simu umeitazama?

BintKibokoni
Nimeitazama leo asubuhi. Bado bapa.