Naombeni ushauri: kanuni za upinde kwenye mchezo wa mezani

Wakuu, habari za wakati huu. Hapa Ngamiani, Tanga, tuna kikundi kinachocheza Dungeons & Dragons (mchezo wa kuigiza wahusika, dadu ndizo huamua matokeo) Jumamosi baada ya alasiri, na mimi ndiye msimamizi. Kinachotugombanisha ni upinde. Kwa kanuni, shabaha na madhara ya mshale vyote vinatokana na wepesi wa mhusika, nguvu zake hazihesabiwi. Sasa zile pinde ndefu za Waingereza zilizoopolewa kwenye meli ya Mary Rose, iliyozama 1545, zinakadiriwa kutaka mvuto wa ratili 100 na zaidi. Mtu legelege atauvuta upote hadi sikioni kwa lipi?

Nafikiria shabaha ibaki kwenye wepesi, madhara yaende kwenye nguvu. Mwenzetu mmoja (mhusika wake mpiga mishale, mnategemea nini?) anadai namuonea.

Halafu nataka kuingiza upinde wa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Mshale wao wa sumu haumwangushi mnyama mkubwa papo hapo; wawindaji humwacha aende, kisha hufuata nyayo. Hilo nalo nilifanyeje kwa dadu bila pambano kuchosha? Sumu ipunguze uhai kila zamu, au ianze kwa kumpunguzia mnyama kasi?

Aliyewahi kubadilisha kanuni hizi anisaidie, na hesabu za dadu aziweke kabisa.