Mchapishaji anataka wasifu wangu, mimi ni fundi umeme tu, niandike nini?

Wakuu habarini, naombeni ushauri. Riwaya yangu imekubaliwa, nimehangaika nayo miaka sita, kuna sura nzima niliiandika saiti kwenye maboksi ya swichi baada ya kuyachana. Sasa mhariri kanitumia imeili anataka wasifu usiozidi maneno 80, uende jalada la nyuma. Leo siku ya nne sijaandika hata mstari. Kila kitabu nikikigeuza nakutana na "mhadhiri mwandamizi", "ana shahada ya uzamivu", mimi nina cheti cha ufundi basi. Jamaa yangu kanambia niweke "mtafiti wa kujitegemea", naona aibu ila kusema ukweli linanoga. Nipambe au nisipambe?

KalamuButu: Hongera mkuu. Hiyo ya mtafiti achana nayo, siku mtangazaji akikuuliza ulitafiti nini utamjibu waya? Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, chuo kikuu hakukanyaga, na leo hao wenye uzamivu ndo wanaandika tasnifu juu yake.

Bi_Mkeka: Naongezea hapo. Abdulrazak Gurnah, yule mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, kabla hajawa profesa huko Uingereza alishafanya kazi ya uhudumu hospitalini, riwaya yake ya kwanza imetoka 1987 anaikaribia 40, Nobel kaipata 2021. Toni Morrison, mwandishi wa Marekani, naye alikuwa mhariri ofisini, analea watoto wawili peke yake, kitabu cha kwanza 1970 ana miaka 39. Kwa hiyo hujachelewa wala nini.

Mpinzani_Halisi: Jamani msimjaze upepo. Watu wanapenda kusema ooh Kafka, yule mwandishi wa Prague, alikuwa mfanyakazi wa bima, sawa, ila alikuwa na udaktari wa sheria. Chekhov, mwandishi wa Urusi, alikuwa tabibu. Hao walisoma. Shule inasaidia tusidanganyane, na mchapishaji akiona cheo anajua kitabu kitauzika vyuoni. Ila kudanganya hapana, hapo nipo na KalamuButu.

Chaki_na_Vumbi: Mimi nafundisha chuo, ngoja nikwambie kwa nini wasifu zetu zimejaa vile. Siyo kwa ajili ya msomaji mkuu, ni kwa ajili ya kupanda cheo. Jarida likipokea makala linataka taasisi yako, eneo lako la utafiti, na ile namba ya ORCID yenye tarakimu 16 ili usichanganywe na mwenye jina kama lako. Tukishazoea tunazihamishia hata kwenye diwani ya mashairi, mtu kafungua kitabu cha mapenzi anakutana na kamati nilizokaa 😂 Kwenye riwaya swali ni moja tu, maisha yako yamekutana wapi na hicho kitabu? Kinahusu nini kwanza?

Mleta uzi: Kinahusu fundi anayepanda kwenye dari za watu kuvuta waya, wenye nyumba wanamsahau kama yuko juu wanaanza kugombana.

Chaki_na_Vumbi: Sasa siku nne zote ulikuwa unatafuta nini???

Bi_Mkeka: 😂😂😂

Mleta uzi: Nimejaribu, nikosoeni: "Ni fundi umeme. Kwa miaka kumi na nne amefanya kazi juu ya dari za watu na amesikia mengi ambayo hakuitwa kuyasikia. Hii ni riwaya yake ya kwanza. Anapenda kusoma na kusafiri."

KalamuButu: Toa kusoma na kusafiri, kila mtu anapenda. Hayo mengine usiguse hata nukta.

Mpinzani_Halisi: Nimenyoosha mikono, iko poa. Ila wateja wako wa zamani wakiisoma hiyo sentensi ya pili hawalali.

Mleta uzi: Majina nimebadilisha mkuu. Namtumia mhariri sasa hivi.

Bi_Mkeka: Fundi kabla hujapotea, swichi ya sebuleni kwangu inatoa cheche nikiwasha, nimekufuata PM. Ukija huko darini tutaongea kwa ishara.