Naomba ushauri: bima ya muda kwa gari la pili la mkononi

Wakuu, habari za jioni. Nipo Nyegezi, Mwanza. Nina gari lenye bima kubwa (comprehensive, inayofidia hata gari langu). Jumamosi nanunua la pili, Noah ya jamaa wa Geita, bila dalali. Kiooni ina stika ya bima iliyopauka, lakini nilipoingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya usimamizi wa bima) nikakuta zimebaki siku nne, tena kwa jina la huyo muuzaji.

Narudi nayo kupitia daraja la Kigongo–Busisi, mke na kichanga ndani. Hilo linaninyima usingizi.

Je, naweza kukatiwa bima ndogo (third party, ya kufidia wengine tu) ya mwezi mmoja kwa mkataba wa mauziano tu, wakati TRA (mamlaka ya mapato) hawajahamisha umiliki? Au gari hilo linaongezwa kwenye bima yangu ya sasa? Aliyepitia hili anisaidie kabla sijatoa hela.