Tope la Kilindini: lipimwe kwanza, au litupwe tu?

Hoja yangu ni moja. Kila mara bandari ya Mombasa, yaani Kilindini, inapochimbuliwa kuongezwa kina, tope lipimwe sumu na majibu yabandikwe hadharani, hata kwenye madiko ya wavuvi, kabla halijamwagwa baharini.

Tope hili limelala na mengi. Jaa la Kibarani lilikaa miongo ukingoni mwa mkondo wa Makupa, mkono wa bahari ulioungana na bandari. Mwaka 1988 mafuta yakamwagika mkondoni humo, mikoko ikafa. Tena meli zilipakwa rangi yenye TBT, sumu ya kuzuia viumbe visigande matumboni mwa meli, hata konokono jike wa baharini wakaota viungo vya dume na kushindwa kuzaa. Mkataba wa kuipiga marufuku ulianza kutumika 2008, lakini TBT ikishazikwa kwenye tope jeusi lisilo na hewa hudumu miaka mingi. Ukilichota unaiamsha.

Jibu la mwenzangu: Ndugu yangu, bandari ndiyo riziki yetu. Meli kubwa zikikosa kina hapa zitatia nanga Dar. Tope lapelekwa bahari kuu, mbali na mwamba wa matumbawe. Na tusidanganyane, matumbawe yetu mengi yaliuawa na joto la bahari la 1998, si rangi ya meli.

Jawabu langu: La 1998 sikatai, kaka. Lakini mwamba uliokufa kwa joto hurudi vipi? Mabuu ya matumbawe, yaani watoto wake wachanga, huelea majini, kisha hutafuta pa kushika. Novemba 2000 meli ya Malaysia, Bunga Teratai Satu, ilipanda mwamba wa Sudbury kule Australia, rangi yake ikasagikia mchangani. Wataalamu walipoyajaribu mabuu kwenye mashapo yale, yalishindwa kushika, mengine yakafa. Kwa hiyo joto ulilolitaja ndilo linalonitia hofu zaidi: mwamba ukishapigwa nalo, unategemea mabuu hayo tu.

Na hiyo bahari kuu, mchanga mzito huzama, lakini tope laini huelea. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na kaskazini ndiko Nyali na Bamburi, kwenye hifadhi ya bahari. Sisemi bandari isichimbuliwe. Tope safi limwagwe, lenye sumu lipandishwe nchi kavu lizuiwe, na lililotulia pasipo na haja ya kina liachwe palepale.

Lamu wavuvi walikwenda mahakamani kwa ajili ya bandari mpya, na 2018 wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hiyo huja madhara yakishatokea. Mimi nataka kipimo kitangulie.

Mchangiaji mwingine: Lipimwe, naunga mkono. Ila sampuli asichote mwenye kandarasi ya kuchimba. Wavuvi wawemo mashuani siku ya kuchota, na waonyeshwe ni wapi hasa limetolewa.